Upande wa dereva: habu ya tairi la nyuma ilivyonikosesha mke Juba

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Ila leo kuna jamaa kaweka uzi kule jukwaa la magari, anasikia "tok tok" kwenye tairi la nyuma upande wa dereva, anaomba msaada. Mmemjaza majibu kibao, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza usukani wa gari lake uko mkono gani.

Nimejikuta nasonya peke yangu na simu mkononi.

Basi acha niseme yangu. Siongezi chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha. Kwa wale wavivu wa kusoma: habu ya tairi la nyuma ililegea, nikakosa mke. Wenye muda vuteni kiti.

Ilikuwa Juba, miaka ile baada ya mkataba wa amani, Sudan Kusini haijawa nchi bado. Kila mwenye ujuzi kidogo Afrika Mashariki alikuwa anakimbilia kule. Waganda walishika maduka, vibanda vya sokoni na bodaboda. Wakenya walijaa benki, kwenye NGO na mahotelini. Sisi Wabongo tulikuwa wa kuokoteza.

Mimi nilikuwa fundi jenereta kwenye hoteli moja ya makontena. Umeme wa Juba wakati ule maana yake ilikuwa jenereta, kwa hiyo kazi ilikuwepo ya kumwaga.

Nilipanga mtaa wa Hai Cinema, nyumba moja na Mkenya, nimwite Barasa. Alikuwa clearing agent, mtu wa mizigo na magari ya mpakani. Mcheshi, mchapakazi, anapika kuliko mimi. Aliniita Bongo, nami nikamzoea hadi nikamhesabu ndugu. Nalisema hili mapema msije mkadhani nilikuwa na kinyongo naye tangu zamani.

Sasa gari.

Pale hotelini alikuwepo kawaja mmoja mzee, mhandisi wa barabara. (Kawaja ni mzungu, Juba nzima wanasema hivyo.) Huyu mzee alikuwa ameagiza gari la kit, yaani gari linalokuja vipande, unaunganisha mwenyewe uani kwako. Bodi ya faiba, wazi juu, halina milango, la kutambia wikiendi. Halafu mkataba wake ukaisha ghafla, akaondoka, na ile bodi akatuachia mimi na Barasa kwa sababu ndio pekee tuliokuwa tunaishangaa kila siku.

Bodi peke yake haitembei. Ilitengenezwa ikae juu ya chasisi ya Volkswagen ya zamani, ile ya kobe. Barasa akatafuta kwa watu wake Kampala, ikaja moja juu ya lori, mabati yote yameoza ila chasisi, injini na ekseli vizima.

Hapa naomba msikilize vizuri, maana uzi wote umelala hapa.

Ile kobe ilitoka Uganda, kwa hiyo usukani ulikuwa kulia. Bodi ya kawaja tundu la usukani lilikuwa kushoto. Na Juba wanaendesha mkono wa kulia wa barabara, kama Khartoum, kwa hiyo usukani wa kushoto ndio unaofaa. Tukauhamisha. Usukani, pedali, nyaya za breki, vyote kutoka kulia kwenda kushoto.

Na aliyechomelea vyuma vya kushikia usukani upande wa kushoto ni Barasa mwenyewe, kwa mkono wake. Mimi nilikuwa namshikia tochi na kumwambia asiniunguze.

Tulijenga karibu mwaka mzima, jioni na siku za mapumziko. Majirani walikuwa wanatucheka. Waganda wa duka la jirani walikuwa wanapita wanauliza, "Sasa hii nakuwa gari ama nakuwa sahani?" Siku lilipowaka na kutoka getini, walewale ndio walikuwa wa kwanza kuomba lifti.

Kipindi hichohicho nilikuwa na Poni.

Poni alikuwa binti wa Kibari wa mtaa wa Kator, karani wa duka la vifaa vya ujenzi nililokuwa nanunua nyaya. Walikuwa wakimbizi Uganda miaka mingi, yeye na mama yake, wakarudi baada ya amani. Kiswahili chake kilikuwa cha kule Uganda, na nilikipenda hivyohivyo. Sikuwa nacheza. Nilitaka kumuoa, nyumbani nilishawaambia, na kwao nilishajitambulisha.

Kwao wagumu. Si kwa ubaya, ila mgeni ni mgeni. Baba alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama na la baba mdogo wake, Am Lado, mzee aliyeendesha malori Khartoum enzi zote za vita. Ndugu wengine waliniangalia kama mtu atakayembeba binti yao akapotelee naye Tanzania.

Gari lile ndilo lililonisogeza. Jumapili nilimpeleka mama kanisani Kator na kumrudisha. Alikaa mbele na gauni lake la kitenge, anapungia watu mkono. Akaanza kuniita "mutoto yangu". Jamani, mtu uko mbali na kwenu, mama wa watu anakuita mtoto wangu, unaongezeka kimo.

Basi hapo ndipo tairi lilipoanza kulia.

Ilikuwa "tok". Moja tu. Unarudi rivasi, unaingiza gia ya kwanza, unaachia klachi: tok. Ukiwa kwenye mwendo kimya. Ukirudi rivasi tena: tok.

Nilianza na rahisi, nati za tairi. Zimekaza. Nikashuku beringi, nikainua jeki, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Kulikuwa na mchezo kidogo, ila si ule wa beringi iliyokufa. Beringi ikifa inavuma kadiri unavyokimbia, hii ilikuwa haivumi. Barasa yeye alishikilia kwamba ni giaboksi. Kwake kila kitu kilikuwa giaboksi.

Wasiojua zile kobe: tairi la nyuma linafungwa kwenye drum ya breki, na drum hiyohiyo ndiyo habu. Katikati ina tundu lenye meno ndani, linaingia kwenye meno ya ekseli, halafu nati moja kubwa inakandamiza vyote pamoja, na kotapini inapita kwenye nati isirudi. Nati ikilegea hata kidogo, meno yanaanza kugongana kila unapobadilisha uelekeo. Ndiyo tok yenyewe. Ukipuuza, chuma kinakula chuma, na siku moja tairi linaaga.

Nikamwomba Poni rangi yake ya kucha, nyekundu. Alicheka sana siku ile. Nikachora mstari mmoja mnyoofu kutoka kwenye ekseli, ukapita juu ya nati, ukaishia kwenye drum. Matairi yote mawili ya nyuma. Kama hakuna kinacholegea, mstari unabaki mnyoofu. Nikaendesha hadi Bilpam, nje kidogo ya mji, na kurudi, barabara yenyewe mnaweza kufikiria.

Tairi la kulia: mstari mnyoofu kabisa.

Tairi la kushoto: umekatika. Nati iko kivyake, drum kivyake.

Nikafungua la kushoto. Meno ya ndani ya drum yameliwa, yamebaki ncha. Bahati meno ya ekseli yalikuwa mazima. Dawa ni drum nyingine na nati mpya, basi. Nikalirudishia kwa kulikaza nilivyoweza, gari likaegeshwa, nikamwambia Barasa aagize drum Kampala na mtu yeyote asiliguse gari mpaka ifungwe. Akasema, "Sawa Bongo, limepaki."

Siku nilipolifungua Barasa alikuwa mpakani na mizigo yake, nilimwambia aliporudi. Alijua habu imeliwa. Ya upande gani, hakuona kwa macho.

Nilitaka kuifunga mwenyewe. Ila kazini nikatumwa mji wa Rumbek, jenereta la kampuni dada limekufa na vifaa vyake havijulikani viko wapi. Nikaambiwa nimalize haraka. Nani aliwahi kumaliza haraka Rumbek?

Drum ikafika Juba mimi nikiwa kule. Barasa akanipigia.

Enzi zile mitandao ya simu ya Juba ilikuwa haielewani, mtu anatembea na simu mbili, na bado unapiga kelele mpaka koo linakauka. Siku ile, kwa hasira ya Mungu, laini ilikuwa safi kama tumekaa sebuleni.

"Bongo, mali imefika. Drum na nati. Naifunga hii weekend. Ni ile ya nyuma ya wapi?"

"Ya nyuma, upande wa dereva."

"Side ya dereva. Poa."

"Ya dereva, eeh. Kaza na bomba refu, simama juu yake kabisa. Tundu la kotapini lisipokutana, usirudishe nati nyuma. Endelea kukaza mpaka likutane."

"Sirudishi nyuma. Nimeshika."

Nilimweleza kila kitu wakuu. Asafishe meno kwa brashi ya waya, asipake grisi, akaze tena baada ya kutembea kidogo. Nikalala usingizi mzuri.

Sasa Barasa kazini alikuwa anaendesha pikapu iliyotoka Mombasa, usukani kulia. Maisha yake yote ameendesha usukani wa kulia. Alizaliwa dereva anakaa kulia, akakua dereva anakaa kulia. Amechomelea usukani wa kushoto kwa mkono wake mwenyewe, na bado neno "dereva" kichwani mwake lilikuwa limekaa kulia.

Akaenda kulia. Akaifungua drum nzima, akaitupa pembeni, akafunga mpya. Alikaza na bomba refu, hakurudisha nati nyuma, kotapini ikaingia safi. Kazi nzuri mno, kwenye tairi lisilo na tatizo.

Mkuu mmoja najua atauliza: hiyo drum aliyotoa hakuona meno yake mazima? Aliona. Aliniambia mwenyewe baadaye. "Niliona teeth ziko sawa, nikajiuliza, lakini nikasema wewe ndiye unajua."

Sasa ukishajiuliza, si unauliza? Simu ilikuwa mfukoni. Hapa ndipo huwa napandwa na hasira upya, kila nikisimulia.

Na mwingine atauliza: tok haikuendelea? Anasema ilipungua. Haikupungua. Mtu akishatoka jasho kwenye kazi anasikia anachotaka kusikia.

Wiki iliyofuata kulikuwa na ubatizo wa mjukuu wa ndugu yao huko Bilpam. Poni alitangulia kwa boda kusaidia kupika. Mama akabaki hana usafiri. Akampigia Barasa, maana alimjua kama rafiki yangu. Barasa naye, muungwana, akasema gari limeshatengenezwa, nakuja kukuchukua mama.

Walifika karibu kabisa. Walikuwa wanashuka kwenye kijimteremko, hakuna hata mwendo, ndipo tairi la nyuma la kushoto likachomoka na drum yake, likatangulia mbele yao. Barasa alisema aliliona likimpita akadhani ni la gari lingine. Gari likakaa chini kona ya nyuma, likazunguka, likaingia mtaroni.

Halina milango. Mama akarushwa nje akaangukia bega.

Barasa hakuchubuka hata kidole.

Mimi nilipata habari kwa Poni. Alipiga akasema, "Gari yako imeangusha mama." Akakata. Nikaiacha Rumbek na jenereta lake, nikadandia lori la mizigo hadi Juba.

Nilikwenda hospitali kwanza. Mama bega limevunjika, mkono umefungwa kifuani, uso umevimba. Nikamwita. Alifumbua macho akanitazama, halafu akageukia ukutani. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Kisha nikaenda nyumbani Hai Cinema. Gari lilishavutwa likarudishwa uani, limeinama. Nikaangalia upande uliochomoka: kushoto. Nikaangalia kulia: drum mpya inang'aa. Na pale chini, karibu na pipa la maji, ile drum ya zamani ya kulia. Nikaiokota. Meno yote mazima. Alama ya rangi ya kucha ya Poni bado ipo.

Nilikaa chini palepale na ile drum mapajani.

Barasa alipotoka ndani nikamwonyesha. Nikamuuliza, nilikwambia upande gani?

"Ulisema side ya dereva."

"Dereva wa gari hili anakaa wapi?"

Akaangalia gari. Akaangalia tena. Nikaona uso wake unabadilika, nikajua ameelewa. Nilitegemea atasema pole, tungelia wote, tungetafuta la kufanya. Hakusema. Alisema, "Lakini Bongo, watu wote wanajua side ya dereva ni right. Ungesema left."

Hapo ndipo undugu wetu ulipoishia.

Mama aliporuhusiwa, familia ikaitisha kikao nyumbani kwao Kator. Viti vya plastiki barazani, mabati juu, joto la Juba mnalisikia tu. Am Lado katikati. Mama pembeni na mkono wake kifuani, Poni nyuma yake. Binamu zake wengine walirudi kutoka Uganda, wengine walikuwa Khartoum, wengine hawakutoka Juba hata siku moja. Mimi na Barasa mbele yao.

Wakamwambia Barasa aanze. Akasema, mbele ya watu wote bila kupepesa macho, "Mimi nilifanya vile huyu alinishow. Alisema side ya dereva. Nikatengeneza side ya dereva."

Kila neno ni kweli. Hakuna hata moja la uongo, na ndicho kinachouma.

Nikaomba nafasi. Nikasema gari lile usukani wake uko kushoto, na nilimaanisha kushoto.

Am Lado akainua mkono. Akauliza kwa Kiarabu cha Juba, taratibu: "Sawag gi geni wen?" Dereva anakaa wapi?

Wakuu, nikapata matumaini. Mzee wa malori ya Khartoum. Maisha yake yote usukani kushoto. Nikajua huyu atanielewa.

Na akanielewa. Akajijibu mwenyewe, "Shimal," akapiga paja la kushoto.

Binamu mmoja aliyewahi kuendesha teksi Arua akaruka, "Hapana Am! Dereva nakaa kulia!"

"Hiyo ni gari ya Uganda!"

"Sasa gari nyingi hapa natoka wapi? Si Uganda?"

"Hapa Sudan. Nyinyi nakimbia, narudi na barabara yenu?"

Kosa. Neno "nakimbia" halisemwi kwa mtu aliyerudi kutoka ukimbizini. Baraza likawaka. Waliotoka Uganda wananyoosha mkono wa kulia, waliotoka Khartoum wanapiga paja la kushoto, na ghafla hawazungumzii gari tena. Wanazungumzia nani alibaki akapigwa mabomu na nani alikuwa anakula chakula cha msaada kambini. Mambo ya miaka na miaka. Mimi nimekaa katikati na kesi yangu mkononi, hakuna anayeniangalia.

Barasa akaniinamia akaninong'oneza, "Unaona? Hata wao hawajui." Nilitamani kumzaba kibao mbele ya wakwe.

Ni mama aliyewanyamazisha. Alisema, "Bas," wakanyamaza wote. Akatugeukia mimi na Barasa, mara ya kwanza kunitazama tangu ile siku ya hospitali.

"Nyinyi wawili nakaa nyumba moja?"

"Ndiyo mama."

"Nakula sahani moja?"

"Ndiyo mama."

"Natengeneza gari mwaka muzima pamoja. Lakini hapana jua mwenzako nasema dereva, nasema mkono gani." Akamwonyesha Poni kwa kidevu. "Sasa mutoto yangu iko Mubari, anakwenda kwa watu yako Tanzania, kule hapana jua kitu hata moja. Nani atasikia yeye?"

Nilikuwa na jibu la habu, la nati, la meno, la usukani. Mama hakuuliza lolote kati ya hayo.

Am Lado akasema "kalas", yameisha, na kikao kikaisha. Haikutamkwa kwamba nimekataliwa. Chai ililetwa, nikanywa, nikaaga. Ila hakuna aliyeniuliza nitakuja lini tena.

Nilimsubiri Poni karibu na kanisa, siku aliyotoka dukani mapema. Nilikuja na maneno mengi. Nilikuwa tayari kubaki Juba maisha yangu yote, Tanzania tusiende hata kwa matembezi. Nikamwambia yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi naamini wewe. Barasa nakosea, mimi najua. Hata mama najua."

"Sasa?"

"Mkono yake hapana panda. Asubuhi mimi navalisha yeye gauni. Mimi nachana nywele yake. Daktari nasema itabaki hivyo." Alikuwa haangalii pembeni, alikuwa ananiangalia mimi. "Na wewe ukiongea kwa mlango, hata kama hajaona wewe, anashika bega. Jana ulipita kusalimia Am Lado. Ameshika bega mpaka wewe umetoka."

Sikuwa najua hilo.

"Mimi siwezi kuleta wewe ndani ya hiyo nyumba," akasema. "Na siwezi kutoka kwa hiyo nyumba."

Akanishika mkono, kama watu wa Juba wanavyoagana, mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akaondoka.

Nilimaliza mkataba wangu hotelini nikarudi Bongo. Gari nilimwachia Barasa, sikutaka hata skrubu yake. Nasikia alilitengeneza, akalipaka rangi, akawa anawaendesha wageni wikiendi. Na nasikia mpaka leo akisimulia anasema Mtanzania mmoja alimchanganya.

Pole yake bado naisubiri. Miaka imepita mingi na bado naisubiri, na sioni aibu kusema. Watu wananiambia samehe, ni bahati mbaya. Sawa, ni bahati mbaya. Ila mtu alishika drum yenye meno mazima mkononi, akajiuliza, akanyamaza, halafu akaketi mbele ya mama aliyevunjika bega akasema "nilifanya vile alinishow". Hiyo nayo ni bahati mbaya?

Nilichojifunza, chukueni bure.

Kwenye gari hakuna upande wa dereva wala upande wa abiria wala upande wa barabarani. Kuna kushoto na kulia, ukiwa umekaa ndani unatazama mbele. Mwambie mtu hivyo, na yeye akurudishie kwa maneno yake mwenyewe, si kukuitikia tu. Mimi nilisema dereva, akanijibu dereva, tukaridhika wote wawili na kila mtu kashika tairi lake.

Na ukifungua kitu kibovu ukakikuta kizima, acha. Weka spana chini. Piga simu, hata kama utaonekana mjinga.

Lile jingine, la mama, kwamba nitamsikiaje mtoto wa watu ikiwa sikusikilizana na mtu niliyekula naye sahani moja, hilo bado nalitafuna. Sina la kuwafundisha hapo.

Naombeni michango yenu, na matusi kidogo kwa Barasa ruksa. Ila kabla hamjaanza kunishauri nioe mwingine, kila mmoja aanze kwa kujibu: mtu akikwambia "upande wa dereva", unaenda mkono gani?

Mtakaojibu kulia, nimewazoea. Mtakaojibu kushoto, karibuni tulie pamoja. Na wewe utakayejibu "kwanza nionyeshe gari lenyewe", ungekuwepo wewe mmoja tu pale uani Hai Cinema, leo yule mama angekuwa anavaa gauni lake mwenyewe.